Historia ya Ford isiishie kwenye jina la Henry

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe mambo matatu yanayorudiwa karibu kila historia ya kampuni ya magari ya Ford inapoandikwa kwa Kiswahili. Tunaambiwa Henry Ford ndiye aliyevumbua gari. Tunaambiwa ndiye aliyebuni kiwanda ambamo gari hupita mbele ya mfanyakazi badala ya mfanyakazi kulizunguka gari. Na tunaambiwa aliwalipa watu wake dola 5 kwa siku ili nao wamudu kununua magari wanayoyaunda. La kwanza ni kosa tupu, la pili lina ukweli nusu, na la tatu limegeuzwa miguu juu. Yote yanatokana na kumtazama mtu mmoja na kuisahau kazi yenyewe.

Tuanze na gari. Karl Benz aliomba hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, ya gari lake huko Ujerumani Januari 1886, Henry akiwa bado kijana wa miaka 22 katika jimbo la Michigan, Marekani. Gari la kwanza la Henry mwenyewe lilitoka Juni 1896 katika kibanda cha uani, mtaa wa Bagley, Detroit, na mlango ulikuwa mwembamba hata ikabidi avunje ukuta wa matofali ili lipite. Kampuni yake ya kwanza, Detroit Automobile Company, ilianzishwa 1899 ikavunjwa 1901. Ya pili, Henry Ford Company, hakukaa nayo hata mwaka. Alipoondoka 1902, wenye fedha walimwita Henry Leland, fundi aliyesifika kwa vipimo vya uhakika, na kampuni hiyo ikageuka kuwa Cadillac. Wawili hao walikutana tena 1922: Leland ameshafilisika na kampuni yake mpya ya Lincoln, Ford akainunua kwa dola milioni 8.

Ford Motor Company tunayoijua leo ilisajiliwa tarehe 16 Juni 1903 ikiwa na fedha taslimu dola 28,000. Mshirika mkuu wa Henry alikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe, Alexander Malcomson, na aliyeshika vitabu vya hesabu alikuwa James Couzens. Injini, gia na ekseli zilitoka kwa ndugu wawili, John na Horace Dodge, ambao walipewa hisa. Bodi na magurudumu yalinunuliwa kwingine. Kwa maneno mengine, Ford ya mwaka wa kwanza ilikuwa karakana ya kuunganisha vitu vya watu wengine. Julai 1903 salio la benki lilishuka hadi dola 223.65, kisha daktari mmoja wa Chicago akalipia gari la kwanza, dola 850, na kampuni ikapumua.

Hapo ndipo wengi huruka moja kwa moja hadi Model T ya Oktoba 1908, wakisema ilikuwa gari la bei nafuu. Haikuwa nafuu mwanzoni. Iliuzwa dola 825 hadi 850 kwa miundo ya kawaida, na yalikuwapo magari ya bei ya chini kuliko hiyo. Iliuzika kwa sababu ilijengwa kwa ajili ya barabara za udongo za mashamba ya Marekani. Injini ilikuwa na silinda nne zilizomiminwa kwenye bloku moja, ujazo wa karibu lita 2.9, nguvu farasi 20, na kichwa cha silinda kilifunguka kwa bolti, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati ule. Fundi wa kijijini aliweza kukwangua masizi na kusaga valvu bila kuing'oa injini nzima. Springi zilikuwa mbili tu, moja mbele na moja nyuma, zote zimelazwa kwa upana wa gari, na kwa hiyo gurudumu moja liliweza kupanda juu ya jiwe bila chesisi kujipinda na kuibana injini. Vyuma vilivyobeba mzigo vilikuwa vya chuma cha vanadi, chepesi lakini kigumu kukatika.

Wanaoisifu hawasemi ilivyoendeshwa, na hapo ndipo mtu angeelewa lile gari. Kulikuwa na pedali tatu, na hakuna hata moja ya mafuta. Ya kushoto ukiikanyaga hadi chini unapata gia nzito ya kuondokea, ukiiachia yote unapata gia ya mwendo, na katikati ni huru. Ya kati ni ya kurudi nyuma. Ya kulia ni breki, nayo haikushika magurudumu, ilishika ngoma iliyo ndani ya gia. Mafuta yaliongezwa kwa kijiti cha mkono wa kulia chini ya usukani. Kijiti cha kushoto kilipanga wakati wa cheche.

Kijiti hicho cha kushoto kilivunja mikono ya watu wengi. Kabla ya kupiga hendeli ya kuwashia injini ilibidi kisukumwe juu kabisa, ili cheche ichelewe. Ukikisahau chini, cheche huwaka pistoni ikiwa bado inapanda, injini inarudi kinyumenyume, na hendeli inakurudia na kifundo cha mkono. Ndiyo maana kanuni ilikuwa: vuta breki ya mkono hadi mwisho, kwani ndiyo inayoiweka gia huru, shika hendeli kwa mkono wa kushoto, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, vuta kuelekea juu, usisukume kuelekea chini. Injini ikishika, teremsha kijiti cha cheche. Asubuhi za baridi kali oili ilikuwa nzito kiasi kwamba gia hazikuachana vizuri, gari likataka kumpanda anayeliwasha. Dawa ilikuwa kuinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, uwashe, injini ipate moto, kisha ushushe.

Oili haikuwa na pampu. Flaiwili, gurudumu zito lililo nyuma ya injini, iliichota na kuirusha, na bomba jembamba lilipeleka sehemu yake mbele ya injini. Kupima kiwango kulikuwa na vibomba viwili vidogo chini ya gari: kiwango sahihi ni kati ya cha juu na cha chini. Ikizidi cha juu, plagi zinachafuka na moshi unakufuata. Ikipungua cha chini, beringi ya fito ya mbele ndiyo huungua kwanza, hasa kwenye mlima mrefu ambapo oili yote inakimbilia nyuma. Mikanda ya gia, ile inayobana ngoma pedali zikikanyagwa, nayo ilivikwa kitambaa cha pamba. Ikilegea, pedali inagonga sakafu na gari haliondoki. Ikikazwa kupita kiasi, pamba inaungua, nyuzi zake zinaelea kwenye oili na kuziba lile bomba jembamba. Wengi walilaumu oili mbovu, kumbe kosa lilikuwa nati ya mkanda iliyokazwa kwa hasira.

Na ile habari ya kupanda mlima kinyumenyume ni ya kweli. Tangi lilikuwa chini ya kiti cha mbele, petroli ikiteremka kwa uzito wake tu hadi kwenye kabureta. Mlima ukiwa mkali na tangi likiwa karibu kwisha, kabureta ilikuwa juu kuliko petroli, injini ikazima. Ukigeuza gari, tangi linakuwa juu. Tena gia ya nyuma ilikuwa na nguvu kuliko ile ya kuondokea, basi unapata faida mbili.

Nimekaa sana kwenye gari lenyewe kwa sababu kiwanda hakieleweki bila hilo. Gari lilipokubalika, shida ikawa kulitengeneza kwa wingi. Henry hakubuni kanuni ya kazi kumfuata mfanyakazi. Vichinjio vya Chicago vilikuwa tayari vinapitisha nyama kwenye ndoano mbele ya wakataji, kila mmoja na kipande chake. Ransom Olds, mwenye Oldsmobile, alikuwa ameshagawa kazi ya kuunganisha magari kwa vituo mwanzoni mwa miaka ya 1900. Vipuri vinavyoingiliana bila kupigwa tupa vilikuwa vimeshatengenezwa kwenye viwanda vya bunduki vya Marekani karne iliyotangulia. Na aliyeifundisha Ford kupanga mashine kwa kufuata mpangilio wa kazi, badala ya kuziweka za aina moja pamoja, ni Walter Flanders, aliyeingia 1906 akaondoka 1908 kabla hata Model T haijatoka.

Kilichokuwa cha Ford ni kuviunganisha hivyo vyote na kisha kuvipima kwa saa. Kipuri cha kwanza kupitishwa kwenye mstari wa kuunganishia, tarehe 1 Aprili 1913 katika kiwanda cha Highland Park, kilikuwa magneto ya flaiwili, ile duara ya sumaku 16 inayozalisha umeme wa cheche. Kabla ya hapo fundi mmoja aliunganisha magneto nzima kwa dakika kama 20. Kazi ikagawanywa vipande 29, muda ukashuka hadi dakika 13 na sekunde 10. Kisha mtu akaona wafanyakazi wanainama. Mstari ukainuliwa inchi 8, yaani kama sentimita 20, na muda ukashuka hadi dakika 7. Mwendo wa mnyororo uliowekwa kusogeza kazi nao ulijaribiwa: inchi 60 kwa dakika, watu wakashindwa kuufuata, inchi 18, wakakaa wakisubiri, mwisho ukawekwa kwenye 44. Baada ya yote hayo magneto ilichukua dakika 5.

Chesisi ikafuata. Likiwa limesimama mahali pamoja, gari lilimaliza saa 12 na dakika 28 kuunganishwa. Wakalifunga kamba na kulivuta kwa winchi sakafuni huku mafundi sita wakitembea nalo na kuokota vipuri vilivyopangwa njiani: saa 5 na dakika 50. Baadaye kazi ikagawanywa vipande vidogo zaidi, mnyororo ukawekwa, na mstari ukainuliwa kufikia kiuno, ikawa saa 1 na dakika 33. Majina ya waliofanya kazi hiyo yapo kwenye kumbukumbu: Charles Sorensen, Clarence Avery, William Klann, Peter Martin. Henry alikuwa bosi aliyewaruhusu wabomoe kilichopo jana ili wajaribu kingine leo, na hilo si dogo. Lakini si sawa na kubuni.

Sasa dola 5. Mstari uliua ufundi. Mtu aliyekuwa akijua kuunda injini sasa anakaza nati mbili, siku nzima, kwa kasi asiyoipanga yeye. Watu wakaondoka. Mwaka 1913 kiwango cha kuacha kazi kilifika asilimia 370: ili kubaki na watu kama 14,000, kampuni ilibidi iajiri zaidi ya 50,000. Kila mgeni alipaswa kufundishwa, na kila aliyeharibu kazi alisimamisha waliomfuata, kwa kuwa mstari haumsubiri mtu. Ndipo tarehe 5 Januari 1914 ikatangazwa dola 5 kwa saa 8, badala ya dola 2.34 kwa saa 9.

Hata hizo 5 hazikuwa mshahara mtupu. Sehemu ilikuwa ule ujira wa zamani, na iliyobaki iliitwa mgawo wa faida, wenye masharti. Mwanzoni ulikuwa wa wanaume wa miaka 22 na kuendelea, na wa chini ya hapo wenye wategemezi. Wanawake waliachwa nje. Idara maalumu ilituma wakaguzi majumbani kuuliza mtu anakunywa pombe kiasi gani, anaweka akiba kiasi gani, na nyumba yake ni safi au chafu. Aliyeonekana hafai alinyimwa mgawo hadi ajirekebishe. Hadithi ya kwamba lengo lilikuwa wanunue magari inakataliwa na hesabu za darasa la nne: mwaka 1914 kampuni iliunda magari zaidi ya laki mbili. Hata kila mmoja wa wale 14,000 angenunua gari kila mwaka, hawafiki moja kwa kumi ya wateja. Faida ilitoka kwenye watu kubaki kazini na mistari kutosimama. Saa 8 nazo ziliruhusu zamu tatu kwa siku badala ya mbili.

Kuna sehemu moja ambayo naona hupuuzwa kabisa, nayo ni kesi ya ndugu Dodge. Mwaka 1916 waliishtaki Ford kwa kuzuia gawio ili fedha ziende kwenye upanuzi na kupunguza bei. Mahakama ya Juu ya Michigan iliamua 1919 kwamba wanahisa walipwe gawio la dola milioni 19 pamoja na riba. Henry akatishia kuanzisha kampuni nyingine, na mwaka huo huo akanunua hisa za wote waliobaki kwa karibu dola milioni 106. Couzens alikuwa ameshaacha umeneja tangu 1915. Kuanzia hapo hakukuwa na mtu mezani mwenye nguvu ya kumwambia mzee hapana.

Matokeo yalionekana katika miaka ya 1920. Bei iliendelea kushuka hadi dola 260 kwa muundo wa viti viwili, na bado wateja walihamia Chevrolet, gari la General Motors. General Motors chini ya Alfred Sloan ilikuwa ikikopesha wanunuzi tangu 1919, ikibadilisha sura za magari na kuuza rangi. William Knudsen, aliyewahi kujenga viwanda vya Ford vya kuunganishia magari, aliondoka 1921, akaenda kuongoza Chevrolet. Ford nayo ilipaka nyeusi pekee kuanzia 1914 hadi 1925. (Wanaosema Model T ilikuwa nyeusi siku zote wanakosea: za miaka ya mwanzo zilikuwa kijani, nyekundu, kijivu, buluu.)

Ukaidi wa mzee ulikuwapo, lakini chuma kilikuwa kikaidi kuliko yeye. Mashine za Ford zilikuwa zimetengenezwa kila moja kwa kipuri kimoja cha Model T. Hiyo ndiyo iliyoteremsha bei. Na hiyo ndiyo iliyofanya mabadiliko yawe balaa. Tarehe 26 Mei 1927 gari la milioni 15 lilipotoka, viwanda vilisimama kwa karibu miezi sita, maelfu wakabaki bila kazi, wakati mashine zinabadilishwa au kutupwa ili gari jipya, Model A, lipatikane Desemba. Knudsen kule Chevrolet alikuwa ameweka mashine zinazoweza kugeuzwa kwa kazi nyingine, basi hakuhitaji kufunga kwa muda mrefu namna ile.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Injini ya V8 ya 1932, silinda nane katika bloku moja kwa bei ya watu wa kawaida, ilikuwa kazi kubwa ya wamiminaji, ingawa moshi wa moto ulipitishwa ndani ya bloku kabla ya kutoka, hivyo ikasumbua kwa kuchemsha. Chama cha wafanyakazi wa magari kilipigwa vita hadi damu ikamwagika mlango wa kiwanda cha Ford cha Rouge, 26 Mei 1937. Kampuni ilisaini mkataba 1941. Na asisahauliwe Henry mwenye gazeti la Dearborn Independent, lililoeneza chuki dhidi ya Wayahudi katika miaka ya 1920 hadi akaomba radhi 1927. Historia inayomsifu bila kulitaja hilo haijakamilika. Mwanawe Edsel alifariki 1943, mjukuu Henry wa pili akashika 1945, hisa zikauzwa kwa umma Januari 1956.

Gari la Pinto la 1971 linahitaji sentensi chache zaidi, kwani makala nyingi hubaki kwenye lawama bila kueleza ubovu. Tangi liliwekwa kati ya bampa na ekseli ya nyuma, nafasi ikiwa ndogo. Likigongwa kwa nyuma lilisukumwa kwenye bolti za difu likatoboka, na shingo ya kujazia mafuta ikachomoka. Marekebisho ya 1978, kwa magari yapatayo milioni 1.5, yalikuwa kinga ya plastiki kati ya tangi na difu pamoja na shingo ndefu zaidi. Na mwaka 2006 Ford chini ya Alan Mulally ilikopa dola bilioni 23.6 ikiweka rehani karibu kila kitu, hata nembo yake ya buluu. Mkopo huo, uliopatikana kabla benki hazijafunga milango, ndio uliofanya isifilisike 2009 wakati General Motors na Chrysler zilipokwenda mahakamani.

Ombi langu la mwisho linahusu picha. Mara nyingi picha ya Model T huandikwa "Ford ya 1908" bila kuangaliwa. Mhariri wa picha atazame rejeta: ikiwa ni ya shaba inayong'aa, gari ni la 1916 au kabla ya hapo; ikiwa fremu yake ni nyeusi, ni 1917 au baadaye. Taa kubwa za mbele zikiwa za umeme, ni kuanzia 1915; kabla ya hapo zilikuwa za gesi ya kabaidi. Starta ya umeme ilianza 1919. Kwenye magari ya wazi yaliyoundwa Marekani kati ya 1912 na 1925, mlango wa mbele upande wa dereva ni mchoro tu kwenye bati, haufunguki. Ukionekana umefunguliwa, ama ni la 1926 na 1927, ama liliundwa Kanada. Na ikitokea picha inaonyesha ndani, na pedali ni mbili badala ya tatu, basi mpiga picha amebahatika kukutana na moja ya magari ya mwanzo kabisa, kabla mpangilio haujabadilishwa mwaka 1909.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi